Kaniki ya Msimamizi wa Daraja

Alikozaliwa sikujui na sitaki kukujua. Watu wa Kirongwe walisema ni wa Kanga, wa Kanga wakasema ni wa Kirongwe, kila mji ukimsukumia mwenzake kama kuku mwenye kideri. Mimi ninayoyajua ni ya pale darajani, na yananitosha. Nilimjua miaka zaidi ya ishirini, na katika miaka yote hiyo nilimsifu mara moja tu. Hiyo moja nitaisema, msije mkaniambia nilimdhulumu maiti.

Zama hizo za Mdachi nilikuwa na punda watatu. Kazi yangu ilikuwa kubeba mbata na mikeka kutoka Kirongwe kwenda Kilindoni. Katikati ya njia kuna hori, ulimi wa bahari unaoingia ndani ya mashamba, na juu yake palikuwa na daraja la magogo manne ya minazi, yamelazwa sambamba na kufungwa kwa kamba za makumbi. Wakati wa kiangazi hata bibi kizee angelivuka bila mkongojo. Lakini masika, mvua kubwa ikikutana na bamvua, maji ya mashambani yanataka kutoka na ya bahari yanataka kuingia, basi hukamatana papo hapo chini ya magogo, na anayeumia ni aliye juu. Ndipo akida akaweka mtu wa kuangalia. Atazame mbingu, atazame maji, atazame magogo, kisha aseme leo njia i wazi au leo imefungwa. Ikifungwa hutundika kaniki juu ya mlingoti wa mkoko, nguo nyeusi inayoonekana tangu mbali. Ukivuka kaniki iko juu, una kesi kwa akida.

Mtu huyo ndiye msimamizi wa daraja. Nyuma ya mgongo wake tulimwita Mgonga Gogo, na mbele yake tulimwita Mzee, kwa meno yaliyobana.

Alikuwa mrefu, mkavu, na sikio lake la kulia lilikuwa na sugu kama paji la uso la mchamungu. Sugu ile aliipata kwa kulaza sikio juu ya magogo. Kila asubuhi alipiga magoti upande huu wa daraja, akaweka sikio juu ya gogo la kwanza, na mkewe akasimama ng'ambo na mchi wa kutwangia. Mkewe anagonga, yeye anasikiliza. Gogo zima hulia ko. Gogo bovu hulia bu. Anahamia la pili, la tatu, la nne. Huruhusiwi kukohoa. Punda wangu mmoja aliwahi kulia katikati ya gogo la tatu, na mzee yule akaanza upya tangu la kwanza, sisi tumesimama na mizigo kichwani.

Hakuna aliyemuuliza habari ya sikio lake, na kosa hilo ni letu sote. Sisi ni watu wa minazi. Mtoto wa kwetu hajaanza kusoma alifu, lakini ukimpa nazi ataigonga kwa kucha na kukwambia hii koroma, hii imekomaa, hii imeoza. Kwa hiyo tulipomwona mtu mzima akigonga mnazi wenyewe, tukasema naam, ndivyo. Kama tunda linasema, shina litakosaje kusema? Hata akida, mtu mwenye vitabu, aliliridhia sikio lile kama ushahidi wa kadhi.

Maneno yake yalikuwa machache na yote yananuka. Ukimwambia una haraka, atakujibu, "Maji hayana haraka, na yatafika kabla yako." Ukimwambia mbona jana kulipitika, "Jana si leo." Ukimwambia mzigo wenyewe ni mwepesi, ataugeuzageuza kwa ncha ya bakora yake kama anayechokoa kinyesi, kisha, "Bandubandu huisha gogo." Methali ile ni ya watu wote, lakini ikitoka kinywani mwake ilikuwa tusi, maana bandu lenyewe ni wewe, na punda wako, na mkeka aliosuka mama yako.

Alipenda kuhesabu maiti. Namaanisha maiti ambao hawajafa. Mnafika watu sita, yeye anawatazama mmoja mmoja na kukunja vidole. "Likikatika, wewe hujui kuogelea, wa kwanza. Huyu atakushika, wa pili. Yule ana mzigo umefungwa kifuani, wa tatu." Anawahesabu mbele ya macho yenu, kwa utulivu wa mtu anayechagua samaki. Wapo waliorudi kwao kwa sababu ya vidole vile tu, kaniki yenyewe ikiwa bado i chini.

Na alikosea, tena sana. Mwaka mmoja tulikuwa na harusi, bwana harusi wa Kirongwe, bibi harusi wa upande wa Kilindoni. Asubuhi kulikuwa na wingu moja, na lile wingu halikuwa zaidi ya moshi wa jikoni. Mzee akatundika kaniki. Tukasimama upande huu na ngoma zetu, wao wakasimama ng'ambo na bibi harusi wao, tunapungiana mikono kama watu waliokosana. Wingu likaenda zake. Jua likawaka hadi magharibi, hori likawa shwari kama maji ya kisimani, na pilau ikachacha. Shangazi wa bwana harusi alimwendea akamwambia, "Wewe mzee, mvua yako iko wapi?" Akajibu, "Mshukuru Mungu haikuja." Hakusema samahani. Neno lile sikuwahi kulisikia kwake.

Sasa ile moja niliyoahidi. Siku moja ya masika alikuja bwana mkubwa wa boma, Mdachi, na askari na wapagazi wenye masanduku. Kaniki iko juu. Askari akamwambia ashushe. Mzee akasema, "Kaniki haina macho. Haimjui bwana." Wakamsukuma. Akaenda akajilaza kifudifudi katikati ya daraja, mikono imeyashika magogo. Walimbandua kama chaza kwenye mwamba, bwana mkubwa akavuka na masanduku yake yote, na daraja halikutikisika. Kisha wakamchapa viboko hamsa ishirini mbele yetu, kwa kuichelewesha safari ya serikali. Sisi wenye punda tulitazama na roho zetu zikapoa, sitaficha. Lakini kesho yake alfajiri mvua bado inanyesha, nikamwona anapanda mlingoti ule taratibu, kanzu imegandamana na mgongo, anaitundika kaniki pale pale. Moyoni nilisema, lo, huyu ni dume. Nikajuta papo hapo kwa kulisema.

Nitarudi kwenye chuki yangu, maana ina mwenyewe.

Mke wangu wa kwanza, Mwanaidi, alishikwa na uchungu masika ya mwaka wa pili wa ndoa yetu. Siku ya kwanza ikapita. Siku ya pili mkunga wa kwetu akanitoa nje akaniambia, "Mwanangu, mtoto kakaa kiupande. Mimi mikono yangu imefika mwisho. Mpelekeni kwa mkunga wa ng'ambo, yule anajua kugeuza." Mkunga huyo alikaa mwendo mfupi tu baada ya hori. Tukamlaza Mwanaidi kitandani, tukakibeba watu wanne, mimi na ndugu zangu wawili na jirani mmoja, tukaenda mbio katika mvua iliyokuwa imenyesha siku mbili mfululizo.

Kaniki iko juu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Mke wangu. Anajifungua, na mtoto hajakaa sawa. Tuvushe."

Hakumtazama Mwanaidi. Alitazama chini ya daraja, ambako maji yalikuwa yamebakisha shubiri moja kugusa magogo. Kisha akamwita mkewe, na yule maskini akatambaa mpaka ng'ambo na mchi wake. Gogo la kwanza, bu. La pili, bu. La tatu na la nne, bu.

"Bovu," akasema.

"Juzi yalilia ko! Nilisimama hapa na punda wangu, nikasikia!"

"Juzi si leo." Na akaanza vidole vyake. "Wabebaji wanne. Mwenye kitanda, watano. Aliye tumboni, sita. Ngojeni maji yapwe. Alasiri mtamvusha kwa miguu, maji ya kiunoni."

"Hatafika alasiri!"

"Likikatika hatafika hata adhuhuri."

Nikawageukia wenzangu, nikasema tubebe, twende, kesi nitaijibu mimi. Ndugu zangu walitazama chini. Jirani akaniambia, "Kasema bovu, bwana. Nina watoto." Siwalaumu. Neno likishatamkwa na mtu mwenye sikio, nani atatia mguu? Na mimi peke yangu nisingeweza kubeba kitanda. Ningeweza kumbeba mgongoni, nimelifikiri hilo kila siku ya maisha yangu, lakini mtu aliye katika hali ile habebeki mgongoni.

Tukamweka kwenye kibanda cha msimamizi. Mkewe alimpikia uji, akamfuta uso. Kibanda kilikuwa kidogo, hivyo mzee mwenyewe alikaa nje, akanyeshewa mchana kutwa bila hata jani la mgomba kichwani. Watu walionikumbusha habari hiyo baadaye walidhani itanilainisha. Haikunilainisha.

Mwanaidi aliniuliza, "Bado?" Nikatoka, nikatazama maji, nikarudi. "Bado." Baada ya muda akauliza tena. "Bado kidogo." Mara ya tatu maji yalikuwa yameanza kupwa kweli, nikaingia mbio kumwambia, na yeye hakuuliza.

Tuliwazika pamoja. Daraja halikukatika siku ile. Halikukatika kesho yake wala kesho kutwa. Lilisimama masika nzima, nami nilipita juu yake na punda wangu, kila hatua nikisikia magogo yale yananibeba vizuri kabisa, wote wanne sisi, na mzigo.

Nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka mvua ziishe, jua liyakaushe magogo, niyagonge mwenyewe. Yakilia bu, basi, kazi ya Mungu haina makosa. Yakilia ko, nitamshika koo. Lakini mvua hazijaisha sawasawa, jua limetoka siku mbili tu, mzee akaita watu wakayang'oa magogo yote manne na kuweka mapya. Nilipopata habari nikakimbia mpaka pale. Ya zamani yalikuwa yamekwisha pelekwa kwenye tanuri la chokaa, nikakuta majivu meupe.

Nikamwuliza, "Mzee, lilikuwa bovu kweli?"

"Bovu. Nilisikiliza mwenyewe."

Alisema huku ananitazama usoni, bila kupepesa. Tangu siku ile sikumpa shikamoo tena. Katika kisiwa chetu kumnyima mtu mzima shikamoo ni jambo kubwa, na wazee walinikanya. Nilipita mbele yake miaka kumi na moja nikizungumza na punda.

Mungu si Athumani. Sikio lake likaanza kufa, lile lile la sugu. Kwanza ikawa mkewe agonge mara mbili, kisha mara tatu, na mwisho mkewe mwenyewe akawa ndiye anayemwambia limesema nini. Watu wakacheka, na mimi nilicheka zaidi kuliko wote. Akida akamstaafisha na kutafuta mwingine, na wazee wakanitaja mimi. Walisema mtu aliyeumizwa na daraja hatalichezea. Nilikubali mbio mbio. Nia yangu haikuwa njema. Nilitaka nilisimamie daraja lile kiume, nilifungue siku ambazo yeye angelifunga, na yeye akae barazani kwake aone watu wanapita.

Mwaka wa kwanza ukanifundisha. Niliweka magogo mapya kabisa kwa mikono yangu, minazi migumu ya shamba la Mwarabu mmoja wa Kirongwe, yakilia ko mpaka unasikia kwenye meno. Ikanyesha siku mbili. Siku ya tatu nikapiga magoti, nikalaza sikio, na mke wangu wa sasa akagonga. Bu. La pili, bu. Yote bu. Nilistuka nikadhani nimepewa magogo ya uchawi. Jua likatoka, yakakauka, yakalia ko. Nikafanya vile tena na tena, kila mvua, nikashindwa kukataa. Gogo lililolowa linasema bu, na gogo lililooza linasema bu. Siku ambayo daraja linatakiwa kupimwa hasa, siku ya mvua na bamvua, sikio halina kazi. Unabaki na maji, na vidole vya kuhesabia.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Waliokuwa wakipita walipita kwa sababu nimepiga magoti. Kwa hiyo niliendelea kupiga magoti. Siku za mashaka nilitundika kaniki, na polepole kila wingu likawa na mashaka.

Miaka minne baadaye, katikati ya masika, asubuhi ya mvua ya siku ya tatu, niliona kitanda kinakuja kutoka upande wa Kirongwe. Kimebebwa na watu wanne. Nikasimama kabla sijajua aliyelala ni nani.

Alikuwa yeye. Mkojo ulikuwa umemziba siku ya pili, tumbo limevimba, na Kilindoni alikuwapo mganga wa boma mwenye kujua kuutoa. Wabebaji walikuwa wanawe wawili na wakwe zake wawili. Mkubwa wao akaniambia, "Shikamoo, Mzee," maana mimi nami nilikwisha kuwa mzee. "Tunaomba njia. Baba anaumia sana."

Kaniki ilikuwa juu yangu, imelowa, imejisokota kwenye mlingoti. Maji yalikuwa chini ya magogo kwa shubiri moja.

Nitasema kweli. Jambo la kwanza lililonijia lilikuwa kuishusha kaniki. Niishushe niseme piteni, na likatike. Nilimwona amekwisha anguka, nikamwona na wanawe wakimfuata, na nikaona ni haki. Mara ya pili nikataka nimwambie yale yale, neno kwa neno, na vidole. Nilikuwa nimekwisha inua mkono.

Yeye akanyanyua kichwa kutoka kwenye mto. Alikuwa akitazama midomo ya watu siku hizo, maana sikio lilikwisha. Akanitazama mdomo.

"Umegonga?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Limesemaje?"

"Bu," nikasema.

"Yote?"

"Yote manne."

Akafumba macho kwa maumivu, akayafumbua. "Bu la maji, au bu la kuoza?"

Mvua ilikuwa inanipiga usoni. Wanawe walikuwa wananitazama, wakwe zake wananitazama, na mimi sikuwa na jibu, na yeye aliona kwamba sina. Alijua sina kabla hajauliza. Ndipo nilipojua kwamba siku ya Mwanaidi naye hakuwa nalo. Alipiga magoti mbele yangu, akasikiliza gogo lisilosema kitu, akasimama akasema bovu. Angesema sijui! Miaka yote ile angeniambia mara moja tu, mwanangu, sikujua, niliogopa.

Akawageukia wanawe. "Bovu," akawaambia. "Nirudisheni."

"Baba, maji yatakupwa alasiri, tungoje."

"Hapa sikai. Nirudisheni nyumbani."

Wakainua kitanda. Alinisitiri mbele ya watoto wake, na hakuna siku niliyomchukia kama ile. Nilitaka kumpigia kelele arudi, anitukane, aniambie lolote. Nikabaki nimesimama chini ya kaniki, natazama visigino vya wabebaji vinavyoteleza kwenye tope mpaka walipopotea. Alikufa kesho yake kabla ya adhuhuri. Sikwenda mazikoni. Daraja lilisimama.

Baada ya arobaini, mwanawe mkubwa alikuja peke yake. Mvua zilikuwa zinakaribia kwisha. Alikaa kwenye kibanda akala mihogo niliyomkaribisha, akazungumza habari za shamba, na mimi nilijua anakoelekea. Mwishowe akasema, "Mzee, usinielewe vibaya. Mimi napita hapa kila wiki. Daraja lile, siku ile, lilikuwa bovu kweli?"

Alinitazama usoni, akangoja. Alikuwa na sura ile niliyokuwa nayo mimi.

"Bovu," nikamwambia. "Nilisikiliza mwenyewe."

Akashukuru, akaaga, akavuka kwenda zake Kilindoni. Siku ya pili yake jua lilitoka kali tangu asubuhi, na mvuke ukaanza kupanda juu ya magogo. Sikungoja yakauke. Nikaita watu, tukayang'oa yote manne, nami nikayafuata mwenyewe mpaka kwenye tanuri la chokaa, nikakaa hapo mpaka la mwisho lilipoungua.